Kijana, ekari ulizoahidiwa zipo kwenye ramani gani?



Leo sigusi kantangaze wala bei ya mbolea. Nataka tuongee kuhusu ardhi yenyewe, maana kila msimu unapokaribia napata swali lile lile: "Bwana shamba, tumesikia serikali imetenga ekari kwa ajili ya vijana. Fomu tunachukulia wapi?" Siku hizi namjibu muulizaji kwa swali: ekari hizo zipo kijiji gani, na zimechorwa kwenye ramani gani? Wengi hunyamaza. Kiongozi alisema kwenye mkutano, watu wakapiga makofi, habari ikasambaa kwenye simu, basi. Ukienda kijijini, mtendaji naye amesikia kwenye redio kama wewe.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ardhi ya kilimo cha vijana isipoandikwa kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji, na mpango huo ukapitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, hiyo bado ni ahadi. Na halmashauri zinazopanga ardhi kwa kuanza na kila kitu kingine, kisha vijana wakapewa kinachobaki, zinawaandaa vijana hao kushindwa halafu ziwaite wavivu.

Wapo watakaosema afisa ugani ashughulike na mazao, ardhi awaachie watu wa ardhi. Mimi naona mpango wa ardhi ni pembejeo kama mbegu. Naweza kukufundisha nafasi ya kupanda, kiasi cha mbolea na namna ya kufunga mipira ya matone, lakini ukiondolewa shambani nyanya zikiwa kwenye maua, somo langu lote limekwenda na maji.

Nani hasa ana mamlaka?

Twende taratibu hapa, maana vijana wengi wanapotelea mlangoni.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Chini ya hapo, Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zimegawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Mashamba mengi mnayokodi yapo kwenye kundi hili la tatu.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, ile ya wajumbe 15 hadi 25, kama mdhamini wa wanakijiji. Lakini wajumbe hao hawawezi kujifungia ofisini wakagawa watakavyo. Sheria inawataka wapate kwanza idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Ukienda kwa mwenyekiti peke yake mkaelewana kwenye kiti cha baa, hujapata ardhi. Umepata rafiki.

Mkoa na wilaya nao wana nafasi yao. Mkuu wa mkoa na sekretarieti yake wanaratibu, wanasimamia na wanasuluhisha. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi ya ardhi yenye Kamishna Msaidizi, jambo ambalo limepunguza safari za kufuata hati mbali. Halmashauri ya wilaya ina wataalamu: afisa ardhi, mpima, afisa mipango, afisa mifugo, afisa maliasili, na sisi wa kilimo. Hao wote wana kazi kubwa ya kufanya. Ila mkuu wa mkoa akisimama jukwaani akasema "natenga ekari 500 za vijana", maneno yake peke yake hayahamishi hata ekari moja ya ardhi ya kijiji. Yanaweza kuamsha mchakato, na hilo ni jambo jema. Lakini mchakato wenyewe unapita kijijini.

Na kama serikali inataka kuigeuza ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, tuseme kwa shamba kubwa la pamoja au la mwekezaji, sheria ina utaratibu wake. Eneo lisilofika hekta 250, yaani takribani ekari 617, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya Mkutano Mkuu. Na ardhi haihamishwi kabla makubaliano ya fidia hayajafikiwa. Nayasema haya kwa sababu baadhi ya vijana hushangilia wakisikia kijiji chao kinapata shamba kubwa, bila kujua kwamba ardhi ikishakuwa ya jumla, Mkutano Mkuu hauna tena kauli ya kuigawa.

Mpango unavyotakiwa kuandaliwa

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007 inakitambua kijiji kuwa mamlaka ya kupanga. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita, nazo kwa lugha ya kawaida ni hizi:

1. Maandalizi wilayani. Timu ya wataalamu inaundwa, vijiji vinachaguliwa, bajeti inatengwa.
2. Tathmini shirikishi kijijini. Watu wanaeleza wanaishije, wanalima wapi, wanachunga wapi, matatizo yapo wapi.
3. Kuchora hali ilivyo sasa, pamoja na kuhakiki mipaka na vijiji jirani.
4. Kupanga matumizi ya baadaye: makazi, kilimo, malisho, misitu, vyanzo vya maji, huduma za jamii, ardhi ya akiba. Hapa na sheria ndogo zinatungwa.
5. Utekelezaji wa usimamizi wa ardhi: masijala ya ardhi ya kijiji, upimaji wa vipande, utoaji wa hati za hakimiliki za kimila.
6. Mipango ya usimamizi wa kina: kuhifadhi udongo, kuboresha malisho, kilimo bora na mengineyo.

Rudi uitazame hatua ya nne. Hapo ndipo inapoamuliwa kama bonde lile lenye maji litakuwa la kilimo, la malisho au la hifadhi. Mpango mmoja mara nyingi unawekwa kwa miaka 10. Kijana wa miaka 22 asipokuwepo siku hiyo, anaweza kufikisha miaka 32 akiishi ndani ya ramani aliyochorewa na wengine.

Nimekaa kwenye mikutano hii. Wazee wapo, wafugaji wapo, akina mama wapo nyuma kidogo, wajumbe wapo. Vijana wako wapi? Wachache wamesimama chini ya mti na pikipiki zao, wakisubiri mkutano uishe wapakie abiria. Halafu miaka miwili baadaye anakuja mmoja wao ofisini kuuliza kwa nini eneo alilokodi limewekewa bango la malisho.

Panapoharibika

Lawama si ya vijana peke yao. Sisi wa upande wa serikali tuna mambo matatu ambayo hatujayaweka sawa.

La kwanza, mipango mingi inakufa kabatini. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na vingi bado havina mpango kamili. Vile vilivyonao, mara nyingi viliupata kwa sababu mradi fulani ulikuja na fedha. Mradi ulipoisha, hatua ya tano na ya sita zikaisha nazo. Ramani imekunjwa ofisini kwa mtendaji, nakala nyingine ipo wilayani, na mkulima hajawahi kuiona. Mpaka wa malisho haukuwekewa mawe wala miti. Sheria ndogo zilitungwa, lakini hakuna aliyezisoma kwa sauti tangu siku ile. Mpango wa namna hiyo unafukuliwa siku ya ugomvi tu, na kila upande unausoma kivyake.

La pili, vijana wanapewa mabaki. Sheria ya vijiji inaigawa ardhi ya kijiji katika sehemu tatu: ile inayotumiwa na wote kwa pamoja, ile ambayo tayari ina wenyewe, na ile inayoweza kugawiwa baadaye. Vijana wanatafutiwa kwenye sehemu ya tatu, na kwa kawaida ardhi hiyo ilibaki kwa sababu zake: iko mbali na barabara, ina mawe, ina chumvi, haina maji wakati wa kiangazi. Ukimpa kijana ekari mbili za namna hiyo na pakiti ya mbegu chotara, umemtafutia hasara ya bei ghali. Ardhi ya akiba si kosa kuwapa vijana. Kosa ni kuwapa bila kuipima udongo, bila kujua maji yapo mita ngapi chini, na bila njia ya gari kupita kubeba mzigo.

La tatu, tunapanga kana kwamba ng'ombe anasoma mipaka ya kijiji. Malisho na maji ya mifugo huvuka vijiji. Mkipanga kijiji kimoja kimoja, kila kimoja kikafunga bonde lake kwa kilimo, mifugo itapita wapi? Itapita shambani kwako. Hili tumeshalilipia kwa damu. Desemba 2000, kule Rudewa-Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Kila ninaposikia kijana anasema "mkutano wa ardhi unanipotezea muda", nakumbuka namba hiyo.

Na haina maana kwamba haiwezekani. Wilayani Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliungana kupanga eneo la malisho la pamoja, likajulikana kama OLENGAPA kutokana na majina yao. Sheria inaruhusu makubaliano ya pamoja ya vijiji. Mfugaji akijua njia yake na maji yake yapo wapi, mkulima anajua uzio wake uanzie wapi. Kwa hiyo kijana unayelima, usiende kwenye mkutano kupigania malisho yafutwe. Malisho yaliyopangwa vizuri ni ulinzi wa shamba lako.

Kukodi mwaka mmoja mmoja kunakula mtaji

Hapa niongee lugha ya biashara, maana ninyi ni wakulima wa biashara.

Tuseme umekodi ekari tatu kwa mwaka, umechimba kisima, umenunua pampu na mipira, jumla imekugharimu shilingi milioni 6. Ukilima msimu mmoja ukaondolewa, msimu huo umebeba milioni 6 zote mgongoni, na pampu unaondoka nayo lakini kisima unakiacha. Ukilima misimu 10, yaani miaka mitano kwa misimu miwili kila mwaka, kila msimu unabeba 600,000 tu. Shamba ni lile lile, nyanya ni zile zile, na bei ya sokoni haijabadilika. Kilichobadilika ni uhakika wa ardhi.

Ndiyo maana mkulima wa kukodi mwaka mmoja hapandi miti ya kuzuia upepo, haweki samadi ya kutosha, hachimbi makingamaji. Ana akili timamu, amepiga hesabu. Samadi inalisha udongo kwa zaidi ya msimu mmoja, sasa amlishie nani? Tunamlaumu kwa kuchosha ardhi wakati mkataba wake ndio unaomwambia aichoshe.

Kuna na mikopo ya halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakopeshwa kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha nzuri, haina riba. Lakini kikundi kikichukua mkopo wa umma kikauzika kwenye ardhi ya maneno, siku mwenye shamba atakapobadili mawazo, deni linabaki na wanakikundi. Nashangaa jinsi fomu ya mkopo inavyouliza mambo mengi, huku suala la ardhi likipitishwa kwa barua fupi ya mtendaji. Mimi ningetaka kikundi cha kilimo kionyeshe mkataba wa ardhi usiopungua muda wa marejesho. Hapo tunawalinda wenyewe, na tunailinda fedha ya wengine wanaosubiri.

Nawasikia wanaopinga

Wapo wenzangu serikalini wanaosema suluhisho ni mashamba makubwa ya pamoja. Mwaka 2023, programu ya Jenga Kesho Iliyo Bora, ile tunayoiita BBT, ilianza kufundisha vijana zaidi ya 800, na mashamba ya pamoja yakaanza kuandaliwa Dodoma, likiwemo la Chinangali wilayani Chamwino. Wazo la kuandaa ardhi kwanza, kuipima, kuifikishia maji, kisha kumleta kijana, nalikubali kabisa, na natamani kila kijiji kiige mpangilio huo. Lakini piga hesabu. Kila kijiji kikiwa na vijana watano tu wanaotaka kulima kibiashara, kwa vijiji 12,000 hao ni 60,000. Shamba la mfano la mkoa haliwezi kuwameza. Wengi watalima vijijini kwao au watakodi kijiji jirani, na huko ndiko mpango unatakiwa.

Wapo wazee wanaosema vijana wakipewa ardhi wanaiuza. Sikatai, yapo. Kijana anapewa, miezi sita baadaye yupo mjini na shamba lina mtu mwingine. Lakini dawa ipo: kijiji kisigawe moja kwa moja, kipangishe. Eneo libaki la kijiji, kijana apate mkataba wa miaka mitano unaoweza kuongezwa, akishindwa kulima misimu miwili mfululizo bila sababu eneo lirudi. Anayelima anabaki, mchuuzi wa viwanja anakosa cha kuuza. Na kijiji kinapata ada ya kukarabati barabara ya shambani. Mimi naona hii ni bora kuliko kugawa bure, ingawa najua vijana wengine hamtapenda nikisema mlipie.

Na wapo vijana wanaosema: "Hata tukienda mkutanoni, wakubwa wameshaamua." Inawezekana kabisa. Ila tofauti ni kwamba wakiamua wewe ukiwepo, jina lako lipo kwenye mahudhurio na hoja yako ipo kwenye muhtasari. Siku mgogoro ukifika barazani, muhtasari unasomwa. Kimya chako hakisomwi popote.

Ninachotaka halmashauri zifanye

Naandika haya nikijua wakubwa zangu wanaweza kusoma, na ni sawa tu.

Moja, eneo la kilimo cha vijana litajwe kwenye hatua ya nne kwa jina lake na ukubwa wake, sambamba na malisho na makazi. Lisisubiri kinachobaki.

Mbili, afisa kilimo na mtaalamu wa maji wasaini kwamba eneo hilo linalimika kabla halijaitwa la vijana. Udongo upimwe. Chanzo cha maji kijulikane. Kama halina maji, liitwe jina lake halisi: eneo la mtama na alizeti wakati wa masika. Hilo nalo lina mkulima wake, mradi asidanganywe kuwa ni la nyanya.

Tatu, ramani ya mpango ibandikwe nje ya ofisi ya kijiji, kubwa, yenye majina ya maeneo kama wenyeji wanavyoyaita. Mtu anayeijua sehemu kwa jina la mbuyu au la mto haelewi namba za kipimo peke yake.

Nne, mipaka ya malisho na mapito ya mifugo iwekewe alama zinazoonekana, na wakulima na wafugaji waende pamoja siku ya kuziweka.

Tano, bajeti ya mwaka ya halmashauri iwe na fungu la kufuatilia mipango iliyopo. Kabla ya kutafuta fedha za kupanga kijiji kipya, turudi kwenye kile tulichokipanga miaka minne iliyopita tukaulize: hati zimetoka ngapi, malisho yamevamiwa wapi, vijana wangapi bado wanalima?

Madiwani nao wana kazi hapo. Wao ndio wanaopitisha bajeti.

Wewe kijana, kabla hujachimba kisima

Ukiacha hayo ya serikali, kuna mambo yapo mikononi mwako mwenyewe. Kabla hujatoa hela ya kukodi, fanya haya:

- Nenda ofisi ya kijiji, omba kuona ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi. Simama na mtendaji akuonyeshe shamba unalotaka lipo kwenye rangi gani. Kama kijiji hakina mpango, ulizia kwa mwenyekiti na majirani wawili au watatu eneo hilo lilitumikaje miaka iliyopita. Kama lilikuwa njia ya ng'ombe, ng'ombe watarudi.

- Pima umbali kutoka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Najua udongo wa pale ni mtamu. Lakini siku ya operesheni hakuna atakayekulipa mazao, na ukweli ni kwamba mto ukifa, kisima chako nacho kitafuata.

- Angalia barabara. Kwenye barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Usijenge banda la kufungashia mazao hapo.

- Ukitaka kuvuta maji ya mto au kisima kirefu kwa umwagiliaji wa biashara, ulizia kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde lako. Kukodi shamba hakukupi haki ya maji.

- Hakikisha anayekukodisha ndiye mwenye shamba. Omba kuona hati ya kimila kama ipo. Mwenzi wake wa ndoa asaini. Kama ni shamba la urithi, wanafamilia waitwe. Mashamba ya familia ndiyo yenye kelele nyingi wakati wa kuvuna.

- Andikeni mkataba. Mipaka, ukubwa, miaka, kodi na tarehe ya kulipa, nani anabaki na kisima na miti, na itakuwaje mwenye shamba akiuza kabla ya muda. Mashahidi wa pande zote mbili wasaini, na ofisi ya kijiji igonge muhuri na ibaki na nakala.

- Jua njia ya malalamiko. Kijiji kina baraza la ardhi la wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Baraza la kata nalo tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 ndipo unakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Usianze na polisi, usianze na panga.

- Hudhuria Mkutano Mkuu. Kwa kawaida unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ni siku nne kwa mwaka. Hata ukiwa na tikiti zinazohitaji maji, mpange mwenzako amwagilie siku hiyo. Na msiende mmoja mmoja. Nendeni kikundi, mmekubaliana hoja moja, na mmoja wenu aisome kwenye karatasi: tunaomba eneo fulani, ekari kadhaa, kwa miaka kadhaa, kwa masharti haya. Kisha ombeni iingie kwenye muhtasari.

Mkutano ukitawanyika, mtendaji ndiye mtu wa kumfuata. Mwombe akusomee alichoandika. Kama hoja yenu haipo, aiandike mkiwa hapo hapo, kabla kitabu hakijafungwa. Najua inaonekana kama usumbufu, na huenda mtendaji akakunja uso. Mwambie kwa heshima, kaka au mama, tunaomba tu uhakika. Ekari ambazo vijana wengine wanazisubiri kwenye redio, ninyi mtakuwa mmeshaanza kuziweka kwenye kitabu cha kijiji, na ramani ijayo itachorwa kutokana na kitabu hicho.

Msimu mwema.